Habari za Mitambo Kuukuu katika Nchi ya Wanyaturu

Katika vyombo vyote vilivyotengenezwa kwa mikono ya binadamu, ni nadra kupata kilicho na siri kama injini. Kwani nyumba huingiwa, jahazi hupandwa, na saa hufunguliwa kifuniko ikatazamwa, lakini injini hufanya kazi yake yote nyuma ya ukuta wa chuma, na mtu aliyeishi nayo miaka arobaini, akaijaza mafuta na kuisikiliza asubuhi na jioni, huenda akafariki dunia asiwahi kuiona pistoni yake ikipanda na kushuka. Ndiyo sababu popote inapowekwa injini iliyokatwa ubavu, hata silinda na valvu na meno ya gia yakawa wazi mbele ya macho, watu huizunguka, wazee kwa watoto, wenye elimu kwa wasio nayo, kila mmoja akitaka azungushe kwa mkono wake aone kisukumwacho na kinachosukuma.

Makusudio ya maneno haya ni kueleza jinsi hamu hiyo ya kuona batini ya chuma, pamoja na ghera ya kukusanya na kutunza mitambo iliyokwisha kustaafu, ilivyofungamana na historia ya nchi yetu ya kati, na hasa Singida, na ndani ya Singida kata ya Mtinko iliyo upande wa kaskazini wa mji kwa njia ya Ilongero. Kuna dhana iliyozoeleka kwamba habari za mitambo ni za Ulaya na za miji mikubwa ya pwani, na ya kuwa nchi ya Wanyaturu, yenye majabali na uwele na ng'ombe, haina fungu humo. Dhana hiyo huvunjika mara mtu anapoifuata tarehe ya chuma chenyewe, kilikotoka na kilikopita.

Asili ya kuonyesha batini, 1206 hata 1925

Kabla ya kukata chuma, watu waliikata picha. Mwaka 1206 Ismail al-Jazari, fundi mkuu wa masultani wa Diyarbakir, alikamilisha kitabu chake cha mitambo, akaeleza humo saa za maji, pampu na vyombo vya kupandishia maji mtoni, na kila chombo akakichora kwa namna ya kuonyesha viungo vyake vya ndani, ili fundi atakayekuja baada yake aweze kukiunda upya kwa kusoma na kutazama. Hapo ndipo penye tofauti kubwa baina ya fundi mchoyo na fundi karimu, na al-Jazari alikuwa karimu.

Karne nyingi zikapita, na mashine za mvuke zikashika dunia. Mwaka 1794, katikati ya machafuko ya mapinduzi yao, Wafaransa waliasisi huko Paris jumba la sanaa na ufundi, mahali ambapo mashine zingewekwa ili mafundi wajifunze kwa kuona kitu chenyewe. Lakini aliyelifikisha jambo hili kwenye upeo wake ni Oskar von Miller, mhandisi wa umeme wa Munich, aliyeanzisha mwaka 1903 jumba la makumbusho la Deutsches Museum, ambalo jengo lake kubwa lililo kisiwani katika mto Isar lilifunguliwa mwaka 1925. Humo mashine zilikatwa mbavu, zikafungwa vishikio na vitufe, na mgeni akapewa ruhusa ya kuziendesha mwenyewe. Desturi ya kupaka rangi nyekundu kila mahali palipopita msumeno, ili jicho lisichanganye ukuta uliokatwa na kiungo kitembeacho, imeenea mpaka kwenye vyuo vya ufundi vya Afrika Mashariki.

Wakati huo wote, mashine ya Mnyaturu ilikuwa jiwe. Mwanamke alipiga magoti, akaweka uwele au mtama juu ya jiwe pana, akalisukuma jiwe dogo mbele na nyuma kwa uzito wa mabega yake, na unga ukateremka. Mashine hiyo haikuwa na siri yoyote, wala haikuhitaji kukatwa. Gharama yake ilikuwa ni mgongo wa mwanamke, na deni hilo lilidaiwa kila siku ya Mungu.

Dhahabu ya Sekenke na reli ya Wadachi, 1905 hata 1916

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita kuu. Ilipita Manyoni, katika sehemu ya kusini ya mkoa tuuitao Singida leo, na kwa hivyo kichwa cha gari-moshi kilikuwa ndiyo injini ya kwanza ambayo wengi wa watu wa nchi hii ya kati walipata kuiona.

Kaskazini yake, katika nchi ya Iramba, dhahabu iligunduliwa Sekenke mwaka 1907, na hapo ukafunguliwa mgodi uliotangulia migodi yote ya dhahabu ya Tanganyika. Mgodi ulileta pamoja nao mitambo ya kupondea mawe, na kelele ya chuma kigongacho jiwe ikasikika katika nchi ambayo mpaka siku hizo jiwe liligongwa kwa jiwe.

Vita vilipoanza, manowari za Waingereza ziliifunga bahari, na fedha haikuweza tena kuja kutoka Berlin. Wadachi wakaamua kuzipiga sarafu zao wenyewe Tabora, katika karakana ya reli, kwa vyombo vilivyokusudiwa kutengenezea magari-moshi. Walianza na sarafu za shaba nyekundu na shaba ya manjano, kisha mwaka 1916 wakapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye sura ya tembo upande mmoja na tai upande wa pili, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Zilipigwa sarafu zaidi ya 16,000. Wakusanyao sarafu za kale ulimwenguni wanaijua sarafu hiyo na huitafuta kwa bei kubwa, na wengi wao, nadhani, hawajui kuwa wameshika mkononi kipande cha nchi ya Singida kilichopigwa muhuri na mikono ya mafundi wa reli.

Meli iliyozamishwa kwa heshima, 1913 hata 1927

Kisa cha meli ya Liemba kimesimuliwa sana, lakini husimuliwa kama kisa cha vita, na mimi naona ni kisa cha mafundi. Meli hiyo, ambayo jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen, iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupakiwa katika reli ya kati kwenda Ziwa Tanganyika. Masanduku hayo yalipita Manyoni. Hebu na tulifikirie jambo hilo kwa utulivu: meli nzima, na mashine zake za mvuke, na matanuri yake, ilikatiza mbuga kavu za nchi ya kati ikiwa imelala ndani ya masanduku, na watu waliotazama treni ikipita hawakuwa na njia yoyote ya kujua kilichokuwamo.

Iliundwa upya Kigoma na kuingizwa majini mwezi wa Februari 1915. Mwaka uliofuata, adui alipokaribia, iliamriwa izamishwe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Wahandisi watatu waliokuja nayo kutoka Papenburg walitii amri, lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nzito kila mahali, wakiwa na matumaini kwamba siku moja itatolewa. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta mashine na matanuri yangali mazima kwa kazi. Mwaka 1927 ilianza tena safari kwa jina la Liemba. Injini zake za mvuke ziliendelea mpaka miaka ya 1970, zilipoondolewa na kutiwa za dizeli. Kwa mtu apendaye mitambo, ile grisi ndiyo johari ya hadithi: fundi aliyeamriwa kuharibu aliiacha kazi yake katika hali ya kufufuka, na miongoni mwa watunzaji wa mitambo kuukuu popote duniani sidhani kama kuna aliyewashinda wale watatu.

Reli iliyokuja na kuondoka, 1930 hata 1951

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ilijenga tawi la reli kutoka Manyoni kwenda Singida na kuendelea kaskazini mpaka Kinyangiri. Kwa muda mfupi nchi ya Wanyaturu na Wanyiramba ilikuwa na stesheni zake, maji yake ya kunywesha injini, na mafundi wa njia. Lakini dunia ilikuwa katika mdororo wa biashara, na mizigo ya nchi hii haikutosha kuilisha reli. Katika miaka ya 1940 tawi likafungwa, chuma chake kikang'olewa na kupelekwa kutumika kwingineko. Reli ya leo ya Manyoni na Singida, yenye kilometa zipatazo 115, ni kazi ya mwisho wa karne ya ishirini, wala haikufika tena Kinyangiri.

Wakati reli ya kaskazini inang'olewa, kusini-mashariki yake, Kongwa, chuma kilikuwa kikimiminwa kwa wingi ambao nchi hii haikuwahi kuuona. Mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulileta matingatinga na matrekta yaliyonunuliwa katika masalio ya majeshi, na hata vifaru vya vita vya aina ya Sherman vilivyogeuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa matrekta. Visiki vya mbuga za Ugogo na udongo ukaukao kama saruji vilizishinda mashine hizo moja baada ya moja. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36. Hesabu hiyo haitaji faida moja isiyoandikwa katika daftari za London, nayo ni kuwa miongoni mwa maelfu ya Waafrika walioajiriwa walitoka madereva na makanika waliojifunza injini kwa njia ngumu kuliko zote, yaani kwa kuzifungua zilipokufa. Uwanja wa mashine zilizoharibika ndio uliokuwa chuo chao, na trekta lililopasuka ubavu liliwafundisha kama vile injini iliyokatwa kwa makusudi ingaliwafundisha. Mwaka huohuo wa 1951 shule ya ufundi ya Ifunda ilifunguliwa, na kuanzia hapo mafunzo ya namna hiyo yakapata darasa na mwalimu.

Gari-moshi lililoitwa Nyaturu, 1955 hata 1980

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika, liliagiza Uingereza katika miaka ya 1950 vichwa vipya vya mvuke kwa ajili ya reli ya upana wa meta moja, na likaazimia kuvipa majina ya makabila ya nchi hizi. Daraja la 29 na daraja la 30 viliundwa na North British Locomotive Company ya Glasgow, na daraja la 31 na Vulcan Foundry. Daraja la 30 lilikuwa na vichwa 26, vilivyoundwa mwaka 1955 na 1956, vikiwa na behewa kubwa la maji nyuma yake kwa ajili ya safari za nchi kame, na mafuta mazito ndiyo yaliyochomwa katika tanuri badala ya kuni au makaa. Kimojawapo, nambari 3020, kiliitwa Nyaturu.

Fikiria basi fundi wa Glasgow, ambaye hajapata kuiona Singida wala hatapata kuiona, akipigilia ubavuni mwa chuma kile bamba lenye jina la watu wa Ilongero na Mtinko, Mungumaji na Ihanja. Reli ya Kinyangiri ilikuwa imekwisha ng'olewa. Kwa hivyo kichwa kile hakikuweza kufika katika nchi ya watu ambao jina lao kilikuwa kikilibeba. Kilivuta mizigo katika nchi nyingine, na jina la Wanyaturu likasomwa na abiria waliokuwa hawajui Wanyaturu ni nani.

Pamoja na hivyo vya makabila, vilikuwapo vile vya milima. Daraja la 59 lilikuwa na vichwa 34 vya aina ya Garratt, vilivyoundwa na Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, navyo vilikuwa ndivyo vikubwa kuliko vyote vilivyopata kwenda katika reli ya meta moja popote duniani. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na viwili vilivyosalia ni Mount Gelai na Mount Shengena, milima ambayo yote miwili iko Tanzania, wa kwanza kando ya Ziwa Natron na wa pili Upare.

Mwaka 1971, mvuke ulipokwisha kuanza kushindwa na dizeli, shirika lilianzisha makumbusho ya reli huko Nairobi. Lilikuwa jambo la hekima lililofanywa kwa wakati wake, kwani miaka sita tu baadaye, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mali yake ikagawanywa, na lau ukusanyaji ungalisubiri mgawanyo ule, chuma kingi kingaliishia katika tanuri. Huko liko behewa ambamo simba alimkamata mkuu wa polisi Charles Ryall, Kima, mwaka 1900. Kiko Mount Gelai. Na kiko Nyaturu, nambari 3020, kimoja katika vile vichache vilivyofufuliwa vikatembea tena kwa mvuke wake wenyewe.

Mwenye kusimama ubavuni mwa kichwa cha namna ile hujua mara moja kwa nini watu hupenda mvuke kuliko injini nyingine zote. Viungo vyake viko nje. Silinda iko mbele, fimbo kuu inakwenda nyuma, magurudumu manane makubwa yamefungamanishwa kwa nondo zinazometameta, na mtoto wa miaka saba aweza kufuata kwa kidole chake nguvu inavyotoka kwenye silinda mpaka kwenye reli bila ya kuelezwa. Injini ya mvuke ni mashine ya dhahiri. Nusu ya kazi ya kukatwa ubavu imekwisha kufanywa na yule aliyeisanifu. Iliyokuja baada yake ndiyo iliyojifunga, na kwa sababu Singida iliipoteza mapema reli ya mvuke na kupata mashine zake nyingi katika zama za dizeli, watu wetu walikutana na injini wakati ilipokuwa imekwisha kujificha.

Lista ya kijijini, 1929 hata 1987

Rudolf Diesel aliifanikisha injini yake Augsburg mwaka 1897, na katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, habari ambayo katika mkoa huu wa alizeti yastahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa. Lakini injini iliyoingia vijijini mwetu ilitoka kwa R. A. Lister wa Dursley, mji mdogo wa Gloucestershire, kiwanda kilichoanza mwaka 1867 kwa vyombo vya shamba. Mwaka 1929 kilitoa injini ya dizeli ya kusimama, yenye silinda moja, magurudumu mawili mazito ya chuma, moja kila upande, na mwendo wa taratibu. Nayo iliendelea kuundwa bila ya mageuzi makubwa mpaka mwaka 1987, na huko Rajkot, India, viwanda vingi viliiiga na kuieneza zaidi. Ile ya nguvu ya farasi sita, iliyojulikana sana baada ya vita, ilizunguka mara 650 kwa dakika.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa watu walipokusanywa katika vijiji mwaka 1974, mashine ya kusaga ikawa miongoni mwa vitu vya mwanzo ambavyo kijiji kilivitaka, pamoja na shule, zahanati na kisima. Katika nchi ya Singida mlango ule wa kinu cha dizeli ulikuwa ni mlango wa faraja ya kina mama: lile jiwe lililodai mgongo kila siku likasukumwa kando, na debe la mtama likawa unga kabla mtoto hajalia mara mbili. Injini hiyo ya Lister, au Lista kwa matamshi yetu, ilifungwa juu ya msingi wa saruji. Kando yake likasimama pipa la maji ya kuipoza. Mkanda mrefu wa turubai ukaiunganisha na kinu, na bomba la moshi likapita darini. Kuiwasha kulihitaji adabu yake. Fundi alifungua valvu ili pistoni isibane, akashika hendeli, akazungusha polepole mpaka magurudumu yakakusanya nguvu, ndipo akaangusha kile kishikio cha valvu, na injini ikakohoa, ikapumua, ikashika. Asiyejua kuiacha hendeli kwa wakati wake aliweza kuvunjwa mkono, na kwa hiyo si kila mtu aliruhusiwa.

Ndani ya ukuta wake, mambo yalikuwa haya. Pistoni hushuka na kuvuta hewa. Hupanda na kuibana hewa ile mpaka ikapata joto la kuwasha mafuta bila ya cheche. Nozeli hunyunyiza dizeli, nayo ikalipuka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Kisha hupanda tena na kuufukuza moshi. Katika miendo hiyo minne ni mmoja tu unaofanya kazi, na ile mitatu mingine huishi kwa kukopa nguvu katika magurudumu mazito. Injini izungukayo mara 650 hulipuka mara 325 kwa dakika, yaani zaidi ya mara tano kwa kila sekunde, na mdundo uliosikika toka bondeni siku za mnada ulikuwa ndiyo hesabu hiyo ikihesabiwa kwa sauti. Wateja walioketi na madebe yao nje ya mlango waliusikia miaka na miaka. Mwendo wa kukopa na wa kulipa hawakuuona, na hawakuwa na njia ya kuuona, ila siku injini ilipofunguliwa kwa ajali.

Siku hizo zilikuja kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1970. Bei ya mafuta ilipanda duniani, Jumuiya ilivunjika, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikala akiba ya nchi, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakosekana. Wakati huo ndipo makanika wa vijijini walipodhihirika kuwa wasomi. Gasketi zilikatwa kwa karatasi za maboksi. Vyuma vilivyopasuka vilichomelewa. Injini mbili zilizokufa zilizaa moja iliyo hai. Elimu ile haikuandikwa katika kitabu. Ilikaa katika vidole vya watu, na wengi wao wamekwisha tangulia mbele ya haki.

Fauka ya hayo, miaka ya 1980 ilileta mashine ya namna nyingine kabisa. Huko Arusha, Carl Bielenberg alisanifu kinu kidogo cha kukamulia alizeti kwa mkono, chenye mpini mrefu unaosukuma pistoni ndani ya kizimba cha vyuma, na mafuta yakachuruzika baina ya vyuma hivyo. Kinu hicho kilienea Tanzania na nje yake. Kwa uzuri wa kutazama nakiweka pamoja na magari ya mvuke, maana kila kiungo chake ki wazi, na mkulima aliyekikamulia mbegu zake aliweza kukitengeneza mwenyewe kilipoharibika. Baada yake vilikuja vinu vikubwa vya parafujo, vilivyoendeshwa kwa injini, na Singida ikawa mkoa wa alizeti katika macho ya nchi nzima.

Umeme na chuma chakavu, 2007 na kuendelea

Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na mwaka baada ya mwaka nguzo za umeme zilifuata barabara za vumbi mpaka vijijini. Mota ya umeme haihitaji hendeli wala pipa la maji, haitoi moshi, na huwashwa hata na mtoto. Sina neno la kuilaumu. Mwenye kinu anayeacha dizeli kwa umeme anafanya hesabu sahihi, na mama mwenye debe hapotezi kitu. Lakini kila mota inapofungwa, Lista moja hung'olewa kwenye saruji yake na kulazwa uani, na baada ya hapo huja mwenye mizani anayenunua chuma chakavu kwa kilo, na injini iliyolisha kijiji kizima kwa kizazi kimoja au viwili huvunjwa kwa nyundo ili iingie katika gari.

Taifa letu lina makumbusho yake ya Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940, na humo yamehifadhiwa magari ya viongozi, likiwamo Rolls-Royce lililotumiwa na wakoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Hayo ni ya haki na ya kupendeza. Injini iliyosaga unga wa raia nayo ina haki ya nafasi, na nafasi hiyo haina lazima iwe Dar es Salaam. Vyuo vya ufundi vimezoea kukata injini za magari kwa ajili ya wanafunzi wao. Kilichobaki ni kuitoa desturi hiyo nje ya lango la chuo, ikawafikie wale walioketi na madebe.

Kwa Mtinko kazi yenyewe naiona hivi, na naieleza kwa tafsili kwa sababu mtu aliye tayari kuianza atataka kujua pa kuanzia. Inunuliwe Lista moja kabla ya mizani, kwa bei ileile ya kilo, ikiwa na magurudumu yake yote mawili, maana bila ya hayo haitazunguka sawasawa kwa mkono. Wakaribishwe makanika wazee waliobaki, waifungue wao, huku vijana wa sekondari wakiandika wayasemayo: sauti gani huonyesha nozeli mbovu, ulegevu gani wa beringi husikika mkononi kabla ya kusikika sikioni. Mafuta yamwagwe na chuma kioshwe kwa mafuta ya taa. Kisha silinda ikatwe kwa urefu, robo yake itolewe upande ule usiopitia fimbo za valvu, na kichwa cha injini kikatwe katikati ya njia ya hewa na njia ya moshi, ili valvu zote mbili zionekane zikifunguka kwa zamu. Sanduku la chini lifunguliwe dirisha mbele ya kombo la mhimili, mahali ambapo mwendo wa kupanda na kushuka hugeuka kuwa wa kuzunguka. Pampu ya dizeli ikatwe peke yake na kuwekwa kando, kwa kuwa ni ndogo na ina mambo mengi. Kingo za msumeno zipakwe nyekundu, viungo vitembeavyo viachwe na rangi ya chuma na kupakwa grisi, na hendeli irudishwe mahali pake.